Dar mpaka Mtwara kwa gari na mwanangu wa kidato cha tatu: uzi wa barabara ya kusini

Mleta uzi

Wakuu salaam. Kila ikifika likizo ya mwezi wa sita naona watu wanauliza humu wampeleke wapi mtoto aliyeshakua, na majibu ni yale yale, Zanzibar, Bagamoyo, mbugani. Mimi naleta barabara ya kusini. Nimetoka huko na mwanangu wa kiume, ana miaka 16, anasoma bweni. Tumeenda wawili tu na Rav4 yetu ya zamani, Dar mpaka Mtwara, tukateremka na Msimbati. Naandika kwa vipande maana ni ndefu, mwenye swali aulize nitajibu humu humu.

Kwa nini wawili tu? Mtoto akishaingia bweni anarudi nyumbani mgeni. Anakula, anaoga, anaingia chumbani na simu. Ukimuuliza shule vipi anakwambia poa. Ukirudia anakwambia poa mama. Baba yake hakupata ruhusa kazini, wadogo zake wameenda kwa bibi, nikaona hapa ndo pa kumpata. Ndani ya gari hamtazamani, wote macho mbele, na kijana wa umri huo maneno yanamtoka vizuri akiwa haangaliwi usoni.

Halafu sikumbeba kama abiria. Usiku wa kuamkia safari nilimkabidhi hela yote, ya mkononi na ya kwenye simu, nikamwambia wewe ndo mhasibu na wewe ndo ramani. Mafuta, chakula, gesti, boti, unalipa wewe na unaandika kwenye daftari, hela ikiishia Lindi tunageuzia Lindi. Alidhani natania. Nikampa na namba ya siri ya simu yangu ya miamala, ndo akakaa sawa.

mama_wawili

Dada hela YOTE? Wangu nikimpa elfu kumi ya mkate narudishiwa stori.

Mleta uzi

@mama_wawili yote dada. Nilibaki na ya dharura tu ambayo hakuijua. Ukimpa nusu na nusu umeshika wewe, anajua huo ni mchezo, hawezi kuwa makini. Yangu aliishika vizuri kuliko baba yake, kuna gesti Kilwa tulifika nikataka kuingia, akaniambia mama hii inakula mafuta ya kesho, tutafute nyingine. Tukatafuta nyingine, ilikuwa safi na ina feni nzima.

Twende barabarani sasa.

Tulipita Mbagala alfajiri mapemaa. Hili lizingatieni, ukichelewa kuanzia Rangi Tatu mpaka Kongowe na Vikindu foleni itakumaliza kabla safari haijaanza. Ukishaivuka Vikindu unapumua, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti, mananasi na mihogo pembeni huku na huku. Lami ni nzuri ila vijijini ni 50 na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawakosekani, wengine wamekaa chini ya mkorosho wala huwaoni. Kazi ya vibao nilimpa dogo, "50 mama", "mwisho wa 50 mama", nikawa naendesha kwa amani kabisa. Matuta nayo yapo mengi na mengine yamefutika rangi.

Ukitoka Ikwiriri unakutana na Rufiji na Daraja la Mkapa. Wakuu, lile daraja mtoto alione kwa macho. Lina urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003. Nikamsimulia kwamba zamani hapo ilikuwa pantoni ya Ndundu, mto ukijaa basi kusini imekatika na nchi, watu wanalala kwenye mabasi, wanapika kando ya barabara, Dar mpaka Lindi wakati wa masika unahesabu siku sio masaa. Na hata daraja lilipokuja bado kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita kama 60 za tope, kiliendelea kutesa watu miaka mingi mpaka lami ikafika. Dogo akauliza, kwa hiyo watu wa kusini walikuwa wanaumwa wanafanyaje? Nikamjibu ninachokijua, kwamba wengi hawakufika hospitali ya Dar, waliishia njiani. Akakaa kimya muda. Mtoto wa Dar anaiona lami kama vile imeota yenyewe, hapo alianza kuitazama vingine.

Yeye naye akanisomea la kwake kwenye simu kabla mtandao haujakata. Kwamba vita vya kwanza vya dunia Wajerumani waliificha meli yao ya kivita Königsberg humo humo kwenye delta ya Rufiji, kwenye mikoko, Waingereza wakahangaika nayo miezi na miezi, mwezi wa 7 mwaka 1915 wakaipiga mpaka mabaharia wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ikaopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus Mombasa mpaka leo. Mimi nimesoma shule zote hizi hilo sikuwahi kuambiwa.

dereva_wa_lori

Umeandika ukweli mtupu kuhusu Ndundu. Mimi nimekaa pale na tani za saruji nikala muhogo mbichi. Sa hivi shida imehamia mvua kubwa, mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga mwezi wa tano barabara ilikatika huko Kilwa tukabaki huku na huku. Mwenye kwenda na familia asiende mwezi wa nne.

Mleta uzi

@dereva_wa_lori ahsante kaka, hilo kila mtu alisome. Sisi tulienda masika yameshaisha, hewa ya kipupwe, kikoti kidogo asubuhi, barabara kavu. Sehemu zilizokatika unaziona kwa macho jinsi zilivyofanyiwa kazi upya.

Somanga tukala samaki. Wanakuletea dirishani wa kukaanga kwenye sinia, pweza, ngisi, changu, dogo kalipa kaandika. Toka hapo mpaka Nangurukuru, unakata kushoto kwenda Kilwa kama kilomita 30 hivi. Jazeni mafuta Nangurukuru, mnaporudi barabara kuu sheli zinakuwa mbalimbali.

kibiti_ndani

Kilwa Kivinje mliingia au mliipita tu?

Mleta uzi

@kibiti_ndani tuliingia, tena nashauri mtu aanzie hapo kabla ya Kilwa Masoko. Kivinje watu wanaidharau kwa sababu imechoka, majumba ya ghorofa ya zamani yamebaki kuta, boma la Mjerumani linabomoka linatazama bahari. Lakini ndo palikuwa mji. Misafara ya pembe na ya watumwa kutoka huko Ziwa Nyasa ilikuwa inamalizikia pale. Na pale ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji. Wenyeji wanakuelekeza mahali palipokuwa na Mwembe Kinyonga, ule mwembe wa kunyongea watu. Mzee mmoja tuliyemsalimia barazani alimpeleka dogo mwenyewe kwa miguu, mimi nikabaki na gari. Walivyorudi dogo akaniuliza mbona shuleni Makunganya kapewa mstari mmoja. Sikuwa na jibu la kumpa. Hata mimi nilimjua kwa huo huo mstari mmoja.

Sasa Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Kibali unachukua ofisini Masoko kabla hujapanda boti, na mwongozaji mnapewa hapo hapo. Nendeni asubuhi, mwezi wa sita kusi inavuma, ikifika mchana maji yanachafuka na mashua inarukaruka. Bei ya boti aliongea dogo mwenyewe na nahodha, mimi nimesimama nyuma nimenyamaza, na msiwasaidie kwenye hilo hata roho iwaume. Alianza kwa shikamoo, akauliza bei, akanyamaza, akauliza tena kwa kurudi pamoja na kutusubiri. Walikubaliana vizuri tu.

Mnashukia kwenye Gereza, ile ngome iliyo ufukweni kabisa. Mreno alijenga ngome 1505 alipoivamia Kilwa, inayoonekana leo sehemu kubwa ni ya Waarabu wa Oman waliojenga upya baadaye. Mnapanda kidogo mnafika Msikiti Mkuu. Nimeona picha zake nyingi lakini picha haikwambii kitu. Unaingia kwenye safu ya nguzo, juu kuba, pembeni kuba, mwanga unaingia kwa vipande, chini kumepoa. Dogo akaweka kiganja ukutani akakaa hivyo. Nikamuuliza kuna nini, akasema mama hili ni tumbawe, angalia vitundu vyake. Na kweli, ukisogeza macho karibu jiwe lote lina vijishimo kama nyota, ni matumbawe yaliyotolewa baharini yakachongwa, chokaa yake nayo ni ya matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Mwongozaji akatuambia likiwa bichi linachongeka kirahisi, likikauka linakuwa gumu, ndo maana walilichonga likiwa bado bichi. Dogo alizunguka msikiti mzima anagusa kila nguzo.

Husuni Kubwa ni mwendo, mnatembea mpaka juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa miaka ya 1300, vyumba zaidi ya mia, na bwawa la kuogelea la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 wakati wa sultani huyo huyo na akamsifia kwa ukarimu. Dogo analijua jina la Ibn Battuta la kwenye mtihani, sasa amesimama penyewe. Akaingia ndani ya bwawa, limekauka bila shaka, akahesabu pembe, akapima kwa hatua, akaandika kwenye daftari la hesabu za safari, ukurasa wa nyuma. Nikamwambia dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita hapa, ndo iliyojenga haya. Akaniambia najua mama, na sarafu ya huyu sultani imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mpaka Australia 1944. Sikujua anajua vitu hivi. Nimelisha na kusomesha huyu mtoto miaka yote nikadhani anapenda mpira tu.

mwalimu_wa_zamu

Nafundisha somo hilo dada yangu. Mtoto akiona hata Gereza peke yake ile mada ya miji ya pwani humfundishi tena, anakufundisha yeye. Shule zetu nauli inatushinda. Kisiwa jirani cha Songo Mnara mlifika? Iko pamoja na Kisiwani kwenye urithi wa dunia tangu 1981.

Mleta uzi

@mwalimu_wa_zamu hatukufika mwalimu, mhasibu alisema boti ya huko ni ndefu na hela haitoshi, nikamheshimu.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nifungue uzi.

Kutoka Nangurukuru kushuka kusini barabara inakuwa tupu. Mavuji, Mandawa, Hoteli Tatu, Kiranjeranje, halafu pori, mikorosho, pori. Mtandao unakuja unapotea. Simu ya dogo ikawa haina kazi akaiweka kwenye droo ya gari. Tulikuwa tumenyamaza muda mrefu, kimya kizuri tu, ndo akasema, mama mimi fizikia na kemia niliacha.

Mnajua ilivyo, kidato cha tatu wanachagua. Mimi na baba yake tulishakubaliana naye anabaki sayansi, tukalipa na tuisheni ya likizo ya mwezi wa kumi na mbili, ndoto ni udaktari. Yeye Januari akajiandikisha upande wa sanaa, akanyamaza miezi yote hiyo, ripoti ya muhula alikuwa hajaitoa kwenye begi.

Sikusimamisha gari. Nilishika usukani nikaendelea na 80 yangu. Moyo uliwaka, sitaficha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema fizikia napasua kichwa napata 34, historia na jiografia sisomi sana napata 80, na kila nikifungua kitabu cha kemia nasikia tumbo. Nikamuuliza kwa nini umenificha. Hapo alichelewa kujibu. Akasema baba alishawaambia watu kazini kwamba mwanangu atakuwa daktari.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, kunificha sikukubali na sitakubali, na baba yako utamwambia wewe kwa mdomo wako, mimi nitakaa pembeni yako lakini siongei kwa niaba yako. Pili, masomo tutayaongea, nataka nisikie unataka kwenda wapi nayo, "sipendi fizikia" haijatosha. Akasema sawa mama. Halafu akaanza kuongea na hakunyamaza mpaka Mchinga, walimu, bweni, mwenzake aliyehama shule, chakula, mtu aliyekuwa anamuonea kidato cha kwanza ambaye sikuwahi kumsikia. Yote yalikuwa yamekaa nyuma ya ile fizikia.

baba_mkali

Mimi ningegeuza gari hapo hapo. Sanaa ataajiriwa wapi? Walimu wa historia wamejaa mtaani miaka na miaka. Mrudishe sayansi dada, kidato cha tatu bado hajachelewa, miezi sita atafidia. Huruma yenu akina mama ndo inaharibu.

mama_wawili

@baba_mkali mtoto wa 34 unamrudisha apate nini? Apate sifuri ya pili?

mwalimu_wa_zamu

Niwaambie kama mwalimu. Kurudi katikati ya mwaka inawezekana kwa karatasi, kwa mtoto haiwezekani, anakuta wenzake wako mbali na maabara hajaingia. Ninao kila mwaka wanaolazimishwa, matokeo ya kidato cha nne wanaangusha mpaka yale masomo waliyokuwa wanayaweza. Akipata alama nzuri za sanaa kidato cha tano anaenda na kombi yake HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HGE (historia, jiografia na uchumi) akiwa na nguvu, na chuo kipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna idara nzima ya akiolojia. Sheria ipo, uchumi upo. Hisabati asiiache tu, hiyo ikifa inafunga milango mingi.

Mleta uzi

@baba_mkali nakusikia kaka, na hofu yako ya ajira ni hofu yangu pia, siibezi. Ila sijamhurumia. Nimemsikiliza, akaongea. Kama ningegeuza gari ningebaki na mtoto wa sayansi anayepata 34 na asiyeniambia kitu.

@mwalimu_wa_zamu Mungu akuweke. Hisabati nimemuuliza anasema anayo 61, nimemwambia hiyo ndo masharti yangu, ikishuka tunaongea upya.

chuma_cha_pwani

Baba yake alijuaje sasa?

Mleta uzi

Alipiga simu Lindi, yeye mwenyewe, ametoka nje uani kwa shangazi yake. Waliongea muda mrefu. Baba alikasirika, anaendelea kukasirika kidogo kidogo, na mimi nimemwacha akasirike maana ana haki, alidanganywa. Lakini juzi nimemkuta anamuuliza dogo HGE ni nini.

Lindi sasa. Wifi yangu anaishi mjini ila shamba lake la mikorosho liko njia ya Mtama. Tulimkuta msimu wa kupulizia salfa. Kwa wasiojua, maua ya mkorosho yanashambuliwa na ubwiriunga, yanakuwa kama yamepakwa majivu yanakauka, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita wakulima wanapulizia salfa mashambani. Inapulizwa alfajiri umande ukiwa bado umeshika majani na upepo haujaamka, unga ule unanata. Dogo aliamshwa usiku na binamu zake akaenda. Alirudi jua limepanda, kitambaa cha mdomoni kimekuwa cha njano, macho mekundu, mgongo una alama za mikanda ya pampu. Shangazi yake akamwekea maji ya moto na uji, akamwambia sasa ukiona korosho supamaketi bei usilalamike.

Jioni akakaa naye na daftari lile lile, kilo ngapi kwa mkorosho, mfuko wa salfa, vibarua, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inakata nini, mnada unaanza lini. Wifi akamwelezea stakabadhi ghalani kwa utulivu kabisa, kwamba unapeleka mzigo chama cha msingi, unakaa ghalani, wanunuzi wanashindana bei mnadani kuanzia mwezi wa kumi hivi, wewe unasubiri hela ya benki. Dogo akafanya hesabu akasema shangazi mwaka jana ulipata hasara kwenye vibarua. Wifi akacheka akasema mwaka jana nilijua, ila hukuwepo wa kuniandikia. Nilikuwa ndani nasikia. Hiyo 61 ya hisabati ilinipa moyo.

mtwara_kuchele

Na habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dainosaria, mlimwambia? Uko Lindi halafu usimwambie mtoto hilo ni dhambi.

Mleta uzi

@mtwara_kuchele tulimwambia, na aliwaka. Tendaguru penyewe hatukwenda, ni ndani huko na njia ni ya gari ngumu zaidi ya letu. Ila tulisimama pale ufukweni mwa Lindi mbele ya Kitunda, wifi akatuonyesha upande wa bandari, akasema mifupa yote ilipitia hapa. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mifupa zaidi ya tani 200, na haikubebwa na gari wala treni, ilibebwa na watu kichwani na mabegani mpaka Lindi mjini, siku kadhaa za kutembea. Huyo mjusi mkubwa amesimamishwa Berlin, ana urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13. Dogo akauliza waliobeba walikuwa nani. Wifi akamwambia ni babu zetu, Wamwera, Wangindo, Wayao, watu waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao wa Majimaji miaka miwili tu nyuma. Tangu hapo hakuweza kuacha hilo swali, anataka majina yao. Nimemwambia hilo ndo swali la mtu wa historia, alitafute.

Toka Lindi mpaka Mtwara ni kilomita mia na kidogo. Mnapita Mnazi Mmoja njia panda ya Masasi, mnakata kushoto. Mikindani msiipite kama wengi wanavyofanya wakikimbilia Mtwara. Ghuba yake imejikunja karibu mduara, maji yametulia, vichochoro vyembamba, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na baraza za juu, boma la 1895 liko kilimani limekarabatiwa vizuri sana, na Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara 1866. Tulikaa kwa mama mmoja muuza vitumbua, tukala, tukaangalia wavuvi wanashona nyavu. Dogo na wale vijana wakaanza kubishana Simba na Yanga, nikawaacha.

Mtwara mjini pamepangwa barabara pana mno kwa ukubwa wa mji, nikamweleza ni kwa sababu ya ule mradi wa karanga wa Mwingereza baada ya vita ya pili, walitaka karanga za Nachingwea zisafirishwe hapo, wakajenga bandari na reli, karanga hazikuota, mradi ukafa 1951, reli baadaye ikang'olewa. Bandari ndo imebaki inafanya kazi ya korosho.

mtwara_kuchele

Karibuni sana dada, umetuheshimisha. Msimbati mliingia na gari mchangani?

Mleta uzi

Tuliingia, na naomba wenye gari ndogo wanisome vizuri. Njia ya Msimbati inapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, ile inayoingia kwenye bomba la Dar. Mwisho wake ni mchanga mtupu. Punguzeni upepo kwenye matairi kabla ya kuingia, msisimame kwenye mchanga laini, msikate kona kwa nguvu, na muulize wenyeji maji yanajaa saa ngapi kwa sababu gari inapita ufukweni kabisa na bahari ikirudi inarudi haraka. Beba pampu ya kurudishia upepo. Mkiwa na gari ya mbele tu isiyovuta nne, iacheni kijijini mchukue bodaboda.

chuma_cha_pwani

Dogo ulimpa usukani pale mchangani? Mimi baba alinifundishia ufukweni.

Mleta uzi

@chuma_cha_pwani aliomba, nikakataa. Leseni ni miaka 18 na kule kuna watoto wanacheza na akina mama wanaokota chaza. Alikasirika mpaka jioni, akaisha. Nilimfundisha kubadili tairi badala yake, maana tulipata pancha tunarudi karibu na Mandawa. Yeye ndo aliyeweka pembetatu, akalegeza nati kabla ya kupiga jeki, akafunga spea kwa msalaba kama nilivyomwonyesha. Mimi nilishika tochi ya simu tu, giza lilikuwa linaingia.

mama_wawili

Dada nimeamua Disemba naenda na wangu. Ana miaka 14, wa kike. Nipe hesabu ya mafuta na ile ya gesti.

Mleta uzi

@mama_wawili Disemba ni joto na mvua zinaweza kuwa zinanyesha, sikilizeni TMA, watu wa hali ya hewa, kabla hamjaondoka. Ila kuna uzuri wake, ni msimu wa korosho, mtakuta mzigo barabarani na mabibo. Jiandaeni kwa malori mengi tu, usipite lori la korosho kwenye kona za kushukia Mbwemkuru.

Kwenda tu ni kama kilomita 560 bila michepuko ya Kilwa na Msimbati, chukua ulaji wa gari lako halafu ongeza robo. Hesabu kamili ya gesti na chakula iko kwenye daftari la dogo, nimemwambia akuandikie mwenyewe, ataipiga picha jioni na nitaiweka hapa. Anauliza binti anakula pweza?